Mtendaji Aliyepotea: Lugha ya Kuripoti Hatari na Majeraha Kazini katika Vyuo Vikuu vya Kenya

Utangulizi

Waswahili husema kuwa ajali haina kinga, na wengine huongeza: wala kafara. Methali hii hutajwa sana penye msiba, na penye msiba ina kazi yake ya kuliwaza. Tatizo huanza inapohamishwa kutoka matangani ikapelekwa ofisini, ikageuzwa kuwa maelezo ya kutosha kuhusu kisa cha mpishi wa chuo kubabuliwa na mvuke au mfanyakazi wa usafi kuvunjika kiwiko ngazini. Katika lugha hiyo hiyo mna methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyingine inayoonya kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Hizi mbili hazitajwi sana ajali inapotokea, labda kwa sababu zinamtafuta mtu wa kuulizwa.

Makala haya yanajadili namna hatari na majeraha ya kazini yanavyoripotiwa katika vyuo vikuu nchini Kenya, hasa dhima ya lugha katika taarifa ya kwanza: ile inayotolewa kwa mdomo kwa msimamizi, kisha ikanakiliwa na mtu mwingine kwenye daftari au fomu. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba jinsi sentensi za taarifa hiyo zinavyoundwa huamua mambo mawili mazito: iwapo kitu kilichomdhuru mtu kitarekebishwa kabla hakijamdhuru mwingine, na iwapo aliyedhuriwa atalipwa anachostahili kisheria. Mada kama hii aghalabu huachiwa wahandisi, madaktari na mawakili. Hata hivyo, mtu anayefundishwa kwa miaka minne kutofautisha kauli za vitenzi ana la kusema panapoandikwa kwamba "sufuria ilimwagika".

Chuo kikuu kama mahali pa kazi

Asikiapo neno chuo kikuu, msikilizaji huwaza vitabu, kumbi za mihadhara na majoho ya mahafali. Ni nadra kuwaza jiko linalopika ugali wa mamia ya watu kabla ya saa sita mchana, karakana ya useremala, maabara yenye mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, shamba la mafunzo ambamo dawa za kuulia wadudu hupulizwa, au mtu aliyepanda ngazi ya mbao kubadilisha taa ya ukumbini. Hata pale panapodhaniwa kuwa salama kabisa pana yake. Vyoo vya chuo husafishwa kwa dawa kali, na dawa ya kung'arishia nguo ikichanganywa na asidi ya kusafishia vyoo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma macho na mapafu. Mfanyakazi wa usafi anayefanya mchanganyiko huo akitafuta weupe zaidi hukohoa siku nzima, kisha husema ana mafua. Nao wahadhiri wanaopaza sauti mbele ya mamia ya wanafunzi bila kipaza sauti hukauka koo muhula baada ya muhula, na ni wachache wanaoliona hilo kuwa dhara litokanalo na kazi.

Sheria yenyewe ilichukua muda kuuona ukweli huu. Sheria ya Viwanda iliyotungwa mwaka wa 1950, enzi za ukoloni, na kuanza kutumika mwaka uliofuata, ililenga viwanda, kama jina lake linavyodokeza. Ni mwaka wa 1990 ilipopanuliwa na kuitwa Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi. Kufikia wakati huo Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa kimejitegemea tangu 1970, kilikuwa na umri wa miaka ishirini. Katika maneno "mahali pengine" ndimo maktaba, jiko la chuo na ukumbi wa mihadhara vilipopata mlango wa kuingilia. Mwaka wa 2007 sheria hiyo iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, inayohusu kila mahali ambapo mtu yeyote anafanya kazi, awe wa kudumu au wa muda.

Kile ambacho sheria inadai

Chini ya sheria hiyo ya 2007, kuripoti ni wajibu wa pande mbili. Mfanyakazi anatakiwa kumwarifu msimamizi wake wa karibu kuhusu hali yoyote ambayo ana sababu ya kuamini kuwa ni hatari kubwa au iliyo karibu kutokea. Akishasema, mwenye mahali pa kazi hana ruhusa ya kumlazimisha arudi pale ilhali hatari ingalipo. Ni marufuku pia kumfuta au kumbagua mfanyakazi kwa kuwa amelalamika kuhusu usalama. Mahali penye wafanyakazi ishirini au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya, na hakuna chuo kikuu cha umma kisichofikisha idadi hiyo.

Kwa upande wake, mwajiri anapaswa kumwarifu afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake. Ajali ikisababisha kifo, habari ifike katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi katika siku saba. Ajali iliyosababisha majeraha yasiyo ya kifo nayo huandikiwa taarifa katika siku saba. Isitoshe, matukio fulani ya hatari, mathalani kulipuka kwa mtungi wa gesi iliyoshindiliwa, huripotiwa hata kama hakuna aliyepata mkwaruzo.

Sheria ya pili, ambayo wafanyakazi wengi huitambua zaidi kwa kuwa inahusu pesa, ni ile ya fidia ya majeraha kazini, iliyopitishwa mwaka huo huo wa 2007 na kuanza kutumika Juni 2008. Humo mfanyakazi, au mtu mwingine kwa niaba yake, hutoa habari ya ajali kwa mwajiri mara tu inapotokea au mapema iwezekanavyo. Habari hiyo inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi. Mwajiri naye ana siku saba za kuiwasilisha kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia linapaswa kuwasilishwa katika miezi kumi na miwili.

Sheria hii ilibishaniwa mahakamani kwa takriban muongo mzima. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilivitangaza baadhi ya vifungu vyake kuwa vinakiuka katiba. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi vya hivyo. Na Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaafiki. Matokeo yake ni kwamba aliyeumia kazini hawezi tena kwenda moja kwa moja katika mahakama ya kawaida kumshtaki mwajiri wake ili alipwe. Dai huanzia kwa Mkurugenzi, na asiyeridhika na uamuzi ndipo hupinga na kukata rufaa. Hapo umuhimu wa taarifa ya kwanza huongezeka maradufu. Zamani wakili hodari angeweza kuijenga upya kesi kwa mashahidi na maswali. Sasa karatasi iliyojazwa katika wiki ya kwanza ndiyo inayotangulia mbele ya mwamuzi.

Mtendaji aliyepotea

Chukulia mfano wa kubuni. Mfanyakazi wa usafi ameanguka ngazini, kiwiko kimevunjika. Katika daftari la idara panaandikwa: "Mfanyakazi aliteleza akaumia mkono. Ilikuwa bahati mbaya. Amepelekwa hospitali." Kisarufi, sentensi hizi hazina dosari. Kama taarifa, hazina kitu.

Kitenzi "aliteleza" kina nafsi moja tu ndani yake, naye ni yule aliyeanguka. Sakafu haimo, maji hayamo, wala taa iliyozimika haimo. Msomaji wa daftari anabaki na picha ya mtu ambaye miguu yake ilimsaliti. "Akaumia" nacho ni kitenzi kinachobeba maumivu ya anayeyapata bila kudai chanzo. Kukigeuza kuwa "aliumizwa" kungemlazimu mwandishi kuongeza kiunganishi "na", kisha ajibu: na nini? Swali hilo dogo la "na nini" ndilo taarifa nzima ya ajali.

Kauli ya kutendeka ndiyo yenye lawama kubwa zaidi katika uandishi wa namna hii. Kiswahili kimejaliwa kauli inayoeleza hali ya kitu bila kumtaja aliyekifikisha katika hali hiyo: glasi ilivunjika, supu ilimwagika, waya ulikatika, mlango ulifungika. Katika ushairi na hadithi kauli hii ina uzuri wake, kwani huruhusu mambo kutokea kama yanayojitendea. Katika daftari la ajali huufuta mkono wa mtu. Waya "ulikatika" ama kwa kuwa ulichakaa na ombi la kuubadilisha likakaa mezani mwa ofisa, ama kwa kuwa panya waliutafuna, ama kwa kuwa fundi aliukata akichimba. Hatua tatu tofauti kabisa zinahitajika, na neno moja limezizika zote. Ifahamike kwamba kumtaja mtendaji hakumaanishi kumtafutia mtu kosa. Mara nyingi mtendaji katika ajali ni kitu: bomba, ngazi, kifuniko, swichi.

Nyakati za vitenzi nazo hufanya kazi ambayo wengi hawaitambui. Linganisha sentensi "bomba lilivuja" na "bomba lilikuwa likivuja". Ya kwanza inasimulia tukio la mara moja, lililozuka na kumshtua kila mtu. Ya pili inasema kwamba hali ilikuwapo kabla ya ajali na ikaendelea hadi ajali ilipoikuta. Katika kupima iwapo chuo kilitimiza wajibu wake, tofauti kati ya "li" peke yake na "lilikuwa liki" ni tofauti kati ya jambo lisilotarajiwa na jambo lililoachwa. Karani anayefupisha maelezo ya mfanyakazi ili yatoshe katika mistari miwili huenda akaifuta tofauti hiyo bila nia mbaya yoyote.

Kisha kuna ngeli za mahali, PA-KU-MU, ambazo wanafunzi wengi huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha mlangoni mwa chumba cha mtihani. "Jikoni kunanuka gesi" ni kauli ya jumla: huko, kote. "Jikoni mnanuka gesi" inasema harufu imejaa ndani. "Pale kando ya jiko la pili pananuka gesi" inamwelekeza fundi moja kwa moja kwenye kiungo cha mpira kilicholegea. Ni lugha chache zinazompa mtoaji taarifa chombo kikali namna hii cha kuonyesha mahali, na ni jambo la kusikitisha kwamba taarifa nyingi huishia kwenye "kuna".

Hatari iliyojificha zaidi imo katika saa. Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza. Fomu huhesabu tangu usiku wa manane. Mfanyakazi akisema aliumia saa moja asubuhi, na mwandishi aliyechoka akaandika 1:00, ajali imesogezwa saa sita. Katika karatasi mtu huyo sasa aliumia usiku wa manane, wakati ambao hakuwa zamuni na jengo lilikuwa limefungwa. Kampuni ya bima haina haja ya kutafuta sababu nyingine ya kulitilia shaka dai lake.

Taarifa ile ya ngazini ingeweza kuandikwa hivi: "Jumanne, saa moja na robo asubuhi (7:15), mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akishuka na ndoo ya maji aliteleza kwenye ngazi iliyo kati ya orofa ya tatu na ya pili, akaanguka na kuvunjika kiwiko cha kulia. Vidato vitatu vya juu vilikuwa vimeloa. Bomba lililo juu yake lilikuwa likivuja tangu wiki iliyotangulia, na msimamizi wa jengo alikuwa ameambiwa kwa mdomo siku ya Alhamisi. Taa ya ngazi ilikuwa haiwaki." Kitenzi "aliteleza" kingalipo, lakini sasa hakiko peke yake. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyehukumiwa, na fundi wa mabomba anajua aende wapi. Inafaa kuongeza, kwa kuwa kosa hili limeenea, kwamba mtu huyo amepata majeraha; majeruhi ni yeye mwenyewe.

Huenda ikadaiwa kwamba kutaja mambo mengi kutamponza mfanyakazi, aonekane mzembe. Hofu hii imewafanya wengi kunyamaza, na kwa kiasi kikubwa haina msingi. Fidia chini ya sheria ya 2007 haimtaki mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Kinachoweza kumnyima ni utovu wa makusudi, na hata huo hauzuii malipo iwapo ajali imeleta ulemavu mkubwa au kifo. Uzembe na makusudi ni maneno mawili tofauti, na mwandishi wa taarifa anapochagua kuandika "alipuuza maagizo kwa makusudi" mahali pa "hakuwa amevaa glavu", anapaswa kujua kwamba amevuka mpaka. Zaidi ya hayo, palihitaji kuulizwa kwanza iwapo glavu zilikuwapo.

Pole, tasfida na ngazi za mamlaka

Jamii ya Waswahili, na Wakenya kwa jumla, ina neno zuri ambalo lugha nyingi hazina: pole. Mtu akijikwaa huambiwa pole hata na asiyemjua. Neno hili hushiriki maumivu bila kuuliza chanzo, na hapo ndipo linapoweza kuwa kizuizi. Mpishi anapoungua, wenzake humpa pole, msimamizi humpa pole, mkuu wa idara akipita humpa pole na pengine nauli ya kwenda zahanati. Utu wa kila mmoja wao hauna shaka. Lakini baada ya pole zote hizo, kila mtu huhisi kwamba jambo limeshughulikiwa, na kifuniko cha sufuria kisichofunga vizuri hubaki kilivyokuwa.

Tasfida nayo ina nafasi yake. Katika taasisi ambayo watu huitana Profesa na Daktari kabla ya kusabahiana, mtu wa chini hujifunza kupunguza ukubwa wa neno. "Samahani Daktari, pale kwenye ngazi kuna maji kidogo." Maji hayo kidogo huenda yamefika kwenye soketi ya umeme. Ukidogo huo hauelezi kiasi cha maji. Unapima umbali wa kijamii kati ya msemaji na msikilizaji. Msikilizaji mwerevu angepaswa kuuliza zaidi, lakini aghalabu husikia neno "kidogo" na kuendelea na safari yake. Vivyo hivyo mfanyakazi mwenye mkataba wa miezi mitatu husema "nimekwaruzika tu" kwa sababu anakumbuka tarehe ya mkataba kwisha.

Suala la mikataba linastahili kutajwa, kwani usafi na ulinzi katika taasisi nyingi hufanywa na kampuni za nje. Mfanyakazi wa kampuni hiyo akiumia, chuo husema huyo si mtu wetu, na kampuni husema jengo si letu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini haikuuacha ufa huo wazi: anayemiliki au kusimamia mahali pa kazi ana wajibu kwa watu wote wanaofanya kazi hapo, pamoja na wajibu tofauti alio nao kila mwajiri kwa waajiriwa wake. Taarifa basi inapaswa kufika pande zote mbili, na mfanyakazi hana sababu ya kukubali kuzungushwa kama pia.

Kuponea chupuchupu

Tukio ambalo halikumuumiza mtu huzaa kicheko na hadithi za wakati wa chai. Kopo lililoanguka kutoka kwenye rafu likamkosa mtu kwa shubiri moja huelezwa kwa mbwembwe, na hadithi hiyo haifiki kwenye daftari lolote. Uzito wa kunyamaza huku umeelezwa vizuri zaidi katika kisa kimoja cha Marekani, ambacho kinafaa kutajwa hapa kwa kuwa kilitokea chuoni, kwa mwanafunzi wa uzamili na uzamifu kama walio katika vyuo vya Kenya, na kikachunguzwa hadharani.

Tarehe 7 Januari 2010, mlipuko ulitokea katika maabara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Texas Tech. Mwanafunzi mmoja alipoteza vidole vitatu, akaungua mikono na uso, na jicho lake moja likajeruhiwa. Alikuwa akishughulikia kemikali yenye uwezo wa kulipuka, iliyokuwa imetengenezwa kwa kiasi cha takriban gramu 10, ilhali kiwango ambacho wasimamizi walisema kuwa waliweka, tena kwa mdomo tu, kilikuwa miligramu 100. Bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa ripoti yake mwaka wa 2011. Wachunguzi waligundua kwamba katika miaka mitatu iliyotangulia, makundi hayo hayo ya utafiti yalikuwa yamekumbwa na matukio mengine ambayo kwa bahati hayakumjeruhi mtu vibaya. Matukio hayo hayakuwa yameandikwa na kusambazwa kwa utaratibu rasmi, na hivyo mafunzo yake hayakuwafikia waliokuja baadaye. Agizo lililokaa mdomoni na tukio lililokaa katika kumbukumbu za wachache vilikutana mezani pa mtu mmoja.

Wanafunzi je?

Kisa cha Kikuyu kinaleta swali jingine. Alfajiri ya Jumapili tarehe 12 Aprili 2015, hitilafu ya nyaya za umeme ilisababisha milipuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Siku kumi kabla ya hapo, magaidi walikuwa wamewaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wanafunzi waliamini kuwa wamevamiwa. Walikimbia gizani, wengine wakaruka kutoka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Umeme wenyewe haukuwa umewachoma. Kilichowadhuru ni hitilafu ya mtambo ikiungana na woga wenye sababu, katika dakika ambazo hapakuwa na sauti ya kuaminika ya kusema ni nini kilicholia.

Waliojeruhiwa hapo walikuwa wanafunzi, na kwa mwanafunzi sheria ya fidia ya majeraha kazini haina jibu, kwani inamhusu aliyeajiriwa, pamoja na mwanagenzi aliye chini ya mkataba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini hata hivyo inakusudia kuwalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zinazotokana na shughuli za mahali hapo. Mwanafunzi anayeona waya uliochubuka katika bweni lake ana kila sababu ya kuripoti, ingawa akiumia njia yake ya kudai ni nyembamba kuliko ya bawabu wa bweni hilo hilo. Vyama vya wanafunzi, ambavyo hupigania karo na chakula kwa nguvu nyingi, havijaonyesha hamu kubwa na jambo hili.

Lugha ya fomu

Fomu za kisheria za kuarifu ajali zimechapishwa kwa Kiingereza. Sehemu yake moja hujazwa na mwajiri na nyingine na daktari. Mwenye mwili uliojeruhiwa hupashwa habari zake mwenyewe katika lugha ambayo huenda haimudu, na wakati mwingine huombwa kutia kidole tu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kuwa na mazingira mazuri ya kazi. Vifungu hivi viwili havijawahi kukutanishwa ipasavyo katika ofisi ya usajili wa chuo. Nchini Tanzania, sheria iliyopitishwa mwaka wa 2021 iliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, na istilahi za usalama kazini zinatumika huko kila siku.

Istilahi hizo ndizo zinazopaswa kuwashughulisha wasomaji wa jarida hili. Neno "hatari" limebebeshwa mzigo mzito: hutumika kwa kitu kinachoweza kudhuru, kwa uwezekano wa kudhurika, na kwa hali ya dharura yenyewe. Waya uliochubuka ni hatari. Kuugusa ni hatari. Moto ukishawaka pia ni hatari. Watanzania wametumia "kihatarishi" kwa kile kitu chenyewe, nalo ni neno lililoundwa vizuri: kiambishi cha ngeli ya KI-VI, shina lililonyambuliwa, na tamati ya utendaji. Linamrejesha mtendaji aliyepotea. Wapo Wakenya wanaoliona geni, lakini ugeni wa neno huisha kwa matumizi, na mbadala uliopo ni kuendelea kuandika "hatari" mara tatu katika sentensi moja. Kwa tukio lililokosa kuleta madhara bado hakuna istilahi iliyokubalika. Msemo "kuponea chupuchupu" unaeleweka na kila mtu kuanzia Kisumu hadi Lamu, na huenda ukafaa kuwa kichwa cha safu katika daftari kuliko tafsiri yoyote ya kulazimisha.

Idara za Kiswahili huwapa wanafunzi wao hati za benki, maagizo ya dawa na matangazo ya serikali wazitafsiri kama mazoezi. Hakuna kinachozuia fomu ya ajali ya chuo chao wenyewe kuwa miongoni mwa hizo, ikiwa na nafasi ya saa kwa hesabu zote mbili, nafasi ya kuandika "na nini", na swali la iwapo kuna aliyewahi kuambiwa kabla. Rasimu ikiwa tayari, ipelekwe kwanza kwa wale wanaoingia majengoni na ndoo zao saa kumi na moja alfajiri, waisome kwa sauti, na kila neno wanalokwamia libadilishwe kabla kamati ya usalama haijaipigia muhuri.